Ganzi ya Meno: Aina Zake, Inavyofanya Kazi na Kwa Nini Mgonjwa Hapaswi Kuchelewa

Msimu wa kuvuna alizeti unapowadia wilayani Iramba, maumivu ya jino huwa jambo la kuahirishwa. Mkulima wa Shelui au Ndago aliyeamka na jino linalouma husukutua kwa maji ya chumvi, hununua vidonge vya kutuliza maumivu dukani, hubana karafuu kwenye tundu la jino, kisha huelekea shambani. Jino likitulia, safari ya hospitali husogezwa hadi baada ya mavuno. Likirudi kuuma kwa nguvu zaidi, sababu nyingine ya kuahirisha hujitokeza, nayo mara nyingi haisemwi kwa sauti: hofu ya sindano.

Hofu hiyo ina gharama kubwa. Jino lililotoboka kidogo huweza kuzibwa na kuendelea kutafuna kwa miaka mingi. Likiachwa, uozo hufika kwenye kiini chake, vijidudu hushuka hadi kwenye mzizi, usaha hukusanyika na taya huvimba. Katika hatua hiyo hata dawa ya ganzi hupata ugumu wa kufanya kazi. Hivyo, anayechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye anayejiweka katika hatari ya kuumia zaidi. Ni kwa sababu hiyo wakazi wa kata zote wanahitaji kuifahamu ganzi: ni kitu gani, ina aina ngapi, inatumikaje na nani anapaswa kuchukua tahadhari.

GANZI NI NINI?

Ganzi ya meno ni dawa inayozuia maumivu katika sehemu moja ya mwili huku mgonjwa akiwa macho, akisikia na kujibu anapoulizwa. Hiyo ndiyo tofauti yake na dawa ya usingizi itumikayo katika upasuaji mkubwa, ambayo humlaza mgonjwa kabisa na kuhitaji chumba cha upasuaji pamoja na mtaalamu wa usingizi.

Ili kuelewa inavyofanya kazi, ni vema kukumbuka kwamba jino haliumi lenyewe. Taarifa ya maumivu husafirishwa na mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Taarifa hiyo husafiri kama mkondo mdogo wa umeme, unaotokea pale chembe za sodiamu zinapoingia ndani ya mshipa kupitia vijilango vidogo sana. Dawa ya ganzi huingia na kuvifunga vijilango hivyo kwa muda. Jino linaweza kutobolewa au kung'olewa, lakini taarifa haifiki kwenye ubongo, kama simu iliyokatiwa mtandao njiani. Baada ya muda damu huiondoa dawa taratibu, vijilango hufunguka na hisia hurejea kama zilivyokuwa.

Jambo moja linapaswa kueleweka mapema. Ganzi huondoa maumivu, lakini haiondoi kila hisia. Mgonjwa anayeng'olewa jino ataendelea kuhisi kusukumwa, kubanwa na kutikiswa kwa taya, na huenda akasikia mlio wa jino linapoachana na mfupa. Hayo ni ya kawaida. Kinachopaswa kutokuwepo ni maumivu makali. Yakitokea, mgonjwa anyooshe mkono, na mtaalamu atasimama na kuongeza dawa. Kuvumilia kimya kimya si ushujaa, na humnyima mtaalamu taarifa anayoihitaji.

ILIKOTOKA

Kwa karne nyingi, kung'oa jino kulikuwa ni kuvumilia maumivu. Mwaka 1884, daktari wa macho Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini, dawa itokanayo na majani ya mmea wa koka wa Amerika ya Kusini, huweza kuondoa maumivu katika jicho. Mwaka huohuo daktari mpasuaji William Halsted, akifanya kazi New York, alifanikiwa kutia ganzi mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya taya la chini. Hata hivyo, kokeini ilikuwa na sumu na iliwafanya watu kuwa watumwa wake, akiwemo Halsted mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mkemia Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokaini, ambayo haikuwa na uraibu huo. Ilitumika kwa miongo kadhaa, ingawa iliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio na nguvu yake ilikuwa ya muda mfupi. Mwaka 1943, mkemia Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokaini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Dawa hiyo hufanya kazi haraka, hudumu vya kutosha na ni nadra sana kuleta mzio. Zaidi ya miaka 70 baadaye bado ndiyo dawa kuu ya ganzi ya meno, na Shirika la Afya Duniani limeiweka pamoja na adrenalini katika orodha yake ya dawa muhimu.

NJIA TATU ZA KUTIA GANZI

Watu wengi hudhani ganzi ni sindano moja tu. Kwa hakika zipo njia tatu zitumikazo zaidi, na mtaalamu huchagua kulingana na jino lilipo na kazi inayokusudiwa.

Njia ya kwanza ni ganzi ya kupaka au kupuliza. Hii ni jeli, mafuta au dawa ya kupuliza, kwa kawaida yenye lidokaini au benzokaini, inayowekwa juu ya fizi iliyokaushwa kwa dakika moja au mbili. Hufisha ganzi ngozi ya juu tu, wala haiwezi kutosha kung'oa jino lililo imara. Kazi yake kubwa ni kupunguza mchomo wa sindano itakayofuata. Benzokaini haipaswi kupakwa kwenye fizi za mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa kuwa huweza kuharibu uwezo wa damu kubeba hewa ya oksijeni.

Njia ya pili ni sindano ya karibu na jino. Mtaalamu huchoma kwenye fizi, jirani na ncha ya mzizi, na dawa hupenya mfupa hadi kwenye mishipa midogo ya jino hilo. Njia hii hufaa sana kwa meno ya juu, kwa sababu mfupa wa taya la juu ni mwembamba na wenye vitundu vingi. Kwa kawaida ganzi hushika ndani ya dakika mbili au tatu.

Njia ya tatu ni sindano ya kufunga mshipa mkubwa wa fahamu. Mfupa wa taya la chini kwa mtu mzima ni mnene na mgumu, hivyo dawa iliyochomwa karibu na gego haipenyi vizuri. Mtaalamu hulazimika kuchoma nyuma ya kinywa, mahali mshipa mkubwa unapoingia katika taya, ili kufisha ganzi upande mzima wa meno ya chini pamoja na nusu ya mdomo wa chini, na mara nyingi upande mmoja wa ulimi. Huchukua dakika tatu hadi tano au zaidi kushika. Maumbile ya taya hayafanani kwa watu wote, kwa hiyo si ajabu sindano ya kwanza isitoshe na ya pili ikahitajika. Hilo peke yake si dalili ya uzembe wa mtaalamu.

AINA ZA DAWA ZENYEWE

Dawa za ganzi za siku hizi zina majina yanayofanana kwa mwisho wake, lakini hutofautiana kwa nguvu na muda wa kudumu.

Lidokaini ndiyo inayotumika zaidi. Kwa meno huja ikiwa asilimia 2, yaani gramu 2 katika kila mililita 100, mara nyingi ikiwa imechanganywa na adrenalini. Jino hubaki na ganzi kwa takriban saa moja, ilhali mdomo na shavu huweza kubaki mazito kwa saa tatu hadi tano.

Mepivakaini ya asilimia 3 hutumika bila adrenalini. Ganzi ya jino hudumu kwa dakika 20 hadi 40, hivyo hufaa kwa kazi fupi na kwa mgonjwa ambaye mtaalamu hataki kumwongezea adrenalini.

Prilokaini nayo ni chaguo pale adrenalini inapokwepwa. Haifai kwa watu wenye matatizo fulani ya damu, kwani ikizidi kipimo hupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni.

Artikaini huja ikiwa asilimia 4 na hupenya mfupa vizuri kuliko nyingine. Sehemu yake kubwa huvunjwavunjwa ndani ya damu yenyewe, tofauti na lidokaini ambayo hutegemea zaidi ini. Haipendekezwi kwa mtoto aliye chini ya miaka minne.

Bupivakaini ndiyo yenye kudumu zaidi. Midomo huweza kubaki na ganzi kwa saa nyingi, hata nusu siku. Hutumika katika upasuaji wa taya au kuondoa gego lililonasa ndani ya mfupa, ili mgonjwa asiumie saa za mwanzo baada ya kazi. Kwa watoto huepukwa, kwa kuwa muda huo mrefu huwapa nafasi ya kujing'ata.

Si kila kituo huwa na aina zote hizi, na hilo halipaswi kumtia mgonjwa wasiwasi. Kwa kuziba na kung'oa jino la kawaida, lidokaini hutosha kwa wagonjwa walio wengi.

KAZI YA ADRENALINI

Wapo wanaoshtuka kusikia kwamba ndani ya ganzi kuna adrenalini. Hii ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitoa mtu anapoogopa au kukimbia. Katika ganzi huwekwa ili kubana mishipa midogo ya damu ya mahali palipochomwa. Mishipa ikibana, dawa haichukuliwi haraka na damu: ganzi hudumu zaidi, damu hutoka kidogo, na kiasi cha dawa kinachoingia mwilini kwa wakati mmoja hupungua.

Kiasi chake ni kidogo mno. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu 1 kwa 80,000. Maana yake ni kwamba gramu moja ya adrenalini ingechanganywa na lita 80 za maji, yaani ndoo nne za lita 20, ndipo lipatikane tone lenye nguvu hiyo. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa huhisi moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka kwa dakika chache baada ya sindano. Kwa mtu mwenye moyo wenye afya hali hiyo hupita yenyewe. Ili kuipunguza, mtaalamu huvuta bomba la sindano kidogo kabla ya kusukuma dawa, kuhakikisha kwamba ncha haijaingia ndani ya mshipa wa damu, kisha husukuma polepole.

KWA NINI WAKATI MWINGINE GANZI "HAISHIKI"

Lawama inayosikika mara kwa mara vijijini ni kwamba mtu alichomwa sindano tatu na bado aliumia. Mara nyingi chanzo chake ni uvimbe aliokuja nao.

Dawa ya ganzi hufanya kazi baada ya kupenya ukuta wa mshipa wa fahamu. Sehemu yenye usaha huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na asidi hiyo huigeuza sehemu kubwa ya dawa kuwa katika hali isiyoweza kupenya. Aidha, mahali palipovimba huwa na damu nyingi inayopita, nayo huiondoa dawa kabla haijamaliza kazi. Mishipa ya fahamu iliyosumbuliwa kwa siku nyingi nayo huwa myepesi kuamka. Mambo hayo matatu yakikutana, kipimo ambacho kingetosha wiki mbili kabla huonekana kama maji matupu.

Mtaalamu ana njia za kukabiliana na hali hiyo. Anaweza kuchoma mbali na uvimbe ili kufunga mshipa mkubwa, au kutoa usaha kwanza. Pale maambukizi yanaposambaa, antibayotiki huweza kuongezwa. Lakini vidonge peke yake havitibu jino bovu. Chanzo kinapobaki, uvimbe hurudi. Kununua antibayotiki dukani bila kupimwa, kunywa dozi nusu na kuweka nyingine akiba, ni kuwapa vijidudu nafasi ya kuizoea dawa.

Uvimbe wa jino si jambo dogo. Maambukizi ya gego la chini huweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, yakaziba njia ya hewa na kuua. Mgonjwa mwenye uvimbe unaoongezeka chini ya taya, anayeshindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri, au mwenye homa kali, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kusubiri siku ya kliniki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

MAMBO YA KUMWELEZA MTAALAMU KABLA YA SINDANO

Maswali anayoulizwa mgonjwa kabla ya ganzi hayalengi kumchunguza maisha yake. Kila jibu linaweza kubadili aina au kiasi cha dawa. Mgonjwa aeleze yafuatayo bila kuficha:

- Shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Ganzi haikatazwi kwa mwenye presha iliyodhibitiwa. Presha ikifika 180 kwa 110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura huahirishwa hadi ishuke.
- Kisukari, pumu, ugonjwa wa ini, selimundu au tatizo la damu kutoganda.
- Ujauzito. Lidokaini huhesabiwa kuwa salama kwa mjamzito, na miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwa matibabu ya meno. Maumivu makali na usaha hutibiwa wakati wowote, kwa kuwa maambukizi yenyewe ni hatari kwa mama na mtoto. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha.
- Dawa anazotumia, zikiwemo za presha, za kuyeyusha damu, za sonona na za asili.
- Kama amewahi kupata vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya sindano yoyote.
- Pombe aliyokunywa siku hiyo. Wapo wanaokunywa ili kujipa ujasiri. Pombe huongeza kutoka damu, humfanya mgonjwa asitulie na huharibu maelezo anayoyatoa.

Tofauti na upasuaji wa usingizi, mgonjwa wa ganzi ya meno hahitaji kufunga kula. Ni afadhali apate kifungua kinywa. Tukio la ghafla litokealo zaidi kwenye kiti cha meno ni kuzirai kwa hofu, na tumbo tupu pamoja na safari ndefu ya pikipiki huongeza uwezekano wake. Anayehisi kizunguzungu aseme mapema. Atalazwa chali, miguu itainuliwa, na kwa kawaida atarejea katika hali yake baada ya muda mfupi.

Dalili zinazohitaji kusemwa mara moja baada ya sindano ni ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kutetemeka, au kuchanganyikiwa. Hizo huashiria kwamba dawa imeingia kwa wingi katika damu. Ni nadra, na ndiyo sababu ganzi hutolewa mahali penye mtaalamu na vifaa vya dharura.

WATOTO NA KIPIMO CHA UZITO

Mtoto hupimwa uzito kabla ya ganzi, na mzazi asilione hilo kama usumbufu. Kipimo kinachotumika sana ni kutozidi miligramu 4.4 za lidokaini kwa kila kilo ya uzito. Kichupa kimoja cha mililita 2.2 chenye lidokaini ya asilimia 2 kina miligramu 44. Mtu mzima wa kilo 60, kwa kipimo hicho, hufikia ukomo kwenye vichupa sita. Mtoto wa kilo 15 hufikia ukomo kwenye kichupa kimoja na nusu. Hivyo basi, mtoto mwenye meno manne mabovu pande zote za kinywa huweza kupangiwa kurudi siku nyingine, na sababu yake ni usalama.

Mzazi asimtishe mtoto kwa sindano nyumbani, wala asimdanganye kwamba hataguswa. Aambiwe kwa maneno mepesi kwamba jino litalazwa usingizi ili litibiwe.

Ipo hatari nyingine inayowahusu watoto wachanga. Katika maeneo mbalimbali ya Tanzania imekuwepo imani ya "meno ya plastiki", au "meno ya nailoni": mtoto akiwa na homa au kuharisha, fizi zake hukaguliwa, na uvimbe mweupe wa chonge ambazo hazijaota hudhaniwa kuwa ndio ugonjwa. Fizi hupasuliwa na vichipukizi vya meno huchimbuliwa kwa chuma kisicho safi, bila ganzi yoyote. Matokeo yake ni kutoka damu nyingi, pepopunda, maambukizi ya damu na kuharibika kwa meno ya ukubwani, huku malaria, nimonia au kuharisha kwenyewe kukibaki bila tiba. Meno hayo ni ya kawaida. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati ya kijiji siku hiyohiyo.

BAADA YA KUTOKA KWENYE KITI

Ganzi hubaki baada ya kazi kwisha, na katika saa hizo mgonjwa anaweza kujiumiza bila kujua. Asile hadi hisia zirejee. Uji au chai ya moto huweza kumuunguza mdomo pasipo yeye kuhisi. Mtoto aangaliwe kwa karibu, kwani wengi hung'ata mdomo au shavu lililokufa ganzi hadi kutoa kidonda.

Aliyeng'olewa jino abane pamba kwa nusu saa bila kuitoatoa. Asiteme mate mara kwa mara, asisukutue, asivute sigara wala kunywa pombe siku hiyo, ili damu iliyoganda isitoke shimoni. Kuanzia siku inayofuata asukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Dawa ya maumivu inywewe kama ilivyoelekezwa kabla ganzi haijaisha kabisa. Arudi kituoni iwapo damu haikatiki, maumivu yanaongezeka baada ya siku mbili au tatu, au ganzi bado ipo siku ya pili.

UVUMI UNAOPASWA KUACHWA

Inasemwa kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho. Si kweli. Mishipa ya fahamu inayohisi maumivu ya meno ni tofauti na mshipa wa kuona. Inasemwa pia kwamba ganzi hupunguza akili. Dawa hiyo hufanya kazi mahali ilipochomwa, na ndani ya saa chache mwili huivunja na kuitoa.

Wengine huamini kwamba jino lenye rangi ya kahawia ni bovu na ling'olewe. Singida imo katika ukanda wa nchi ambako maji ya visima vingi yana madini ya floraidi kwa wingi, na madini hayo huyabadili meno rangi tangu yakiwa yanakua ndani ya taya la mtoto. Rangi hiyo peke yake si sababu ya kung'oa jino lisilouma.

MAHALI SAHIHI PA KUPATA HUDUMA

Mwananchi mwenye maumivu ya jino aanzie kituo kilicho karibu naye. Zahanati hutoa ushauri, huduma ya kwanza na rufaa. Tiba ya meno hupatikana kwenye vituo vya afya vyenye mtaalamu wa kinywa na meno na katika Hospitali ya Wilaya iliyopo Kiomboi. Kesi zinazohitaji upasuaji mkubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, na ikibidi ngazi za juu zaidi. Mwenye kadi ya bima aje nayo, na kila anayelipa fedha adai risiti ya Serikali.

Sindano ya ganzi isichomwe mnadani, nyumbani wala nyuma ya duka la dawa. Taaluma ya tiba ya meno inasimamiwa na sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, na anayetoa tiba hiyo lazima awe amesajiliwa. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza mtaalamu jina la dawa anayochomwa na kuona sindano mpya ikifunguliwa mbele yake. Mwenye malalamiko ayafikishe kwa Mganga Mfawidhi wa kituo au katika sanduku la maoni.

Zaidi ya yote, tundu dogo la jino lizibwe likiwa bado dogo. Katika hatua hiyo sindano huwa moja, ganzi hushika upesi, jino hubaki mdomoni na mkulima huwahi kurudi shambani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa upande wa meno, ukuta huo hujengwa kwa usaha, gharama na maumivu ambayo hata ganzi huhangaika kuyatuliza.